Wezi sugu: maswali ya wanaotaka kujua kwa nini mtu anafungwa, anatoka, anarudia tena

Mimi naishi Malindi na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kukaa na vijana wanaotoka jela, na mama zao, na wake zao, manake anayefungwa ni mmoja lakini wanaohangaika ni nyumba nzima. Maswali ni yale yale, mengine ya hasira, mengine ya mtu aliyechoka kabisa, nimeona niyaweke pamoja hapa. Majibu mengine yatakuwa marefu, vumilieni, mambo yenyewe ni marefu.

Mhalifu sugu ni nani hasa? Lazima awe ameiba mara ngapi?

Kuna mtu aliiba mara moja, kwa njaa au utoto, akashikwa akatubia, huyo simzungumzii. Nazungumzia yule ambaye jina lake hata askari aliyehamia juzi ashalijua. Watafiti wengi huanza kuhesabu kwenye mara 5, na hiyo 5 ilitoka Philadelphia, Marekani, ambako Marvin Wolfgang na wenzake walifuata rekodi za wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kutoa matokeo 1972. Wavulana 627, yaani kama 6 kwa kila 100, walikuwa wameandikwa na polisi mara 5 au zaidi, na hao peke yao walikuwa na zaidi ya nusu ya makosa ya kundi lote. London kusini nako walianza 1961 na wavulana 411, wakawafuata mpaka uzeeni, na huko pia kikundi kidogo kilibeba kama nusu ya hukumu zote.

Kisheria hapa kwetu Kenya, kwa kawaida rekodi ya zamani inaletwa hakimu akishakutia hatiani, ndo aamue adhabu. Na mtu aliyewahi kupatikana na kosa linalobeba kifungo cha miaka 3 au zaidi akipatikana na lingine la aina hiyo, korti inaweza kuamuru akimaliza kifungo akae chini ya uangalizi wa polisi kwa muda usiozidi miaka 5. Wengi hawalijui hilo.

Ina maana wizi wote wa mtaa ni watu wachache tu?

Sio wote, lakini sehemu kubwa, ndio. Nyie wenyewe mshaona. Kuna wiki mitungi ya gesi inapotea, nguo zinaanuliwa kwenye kamba kabla hazijakauka, simu zinanyakuliwa mtu akiwa ndani ya tuktuk, betri za boda zinang'olewa, alafu ghafla kunatulia, ukiuliza unaambiwa fulani na mwenzake wameshikwa. Baada ya miezi kukianza tena unajua wametoka.

Hii ni habari nzuri kuliko watu wanavodhani. Mtaa wa watu elfu kadhaa haujajaa wezi. Una vijana wachache ambao wana majina, wana mama, wana historia, na mtu anaweza kukaa akawafikiria mmoja mmoja.

Wanazaliwa hivo?

Hapana, ila kuna watoto wanaozaliwa wazito kulea. Mtoto ambaye hasira yake iko juu juu, hawezi kusubiri, maneno yanamchelewa, darasani hatulii. Mtoto kama huyo akiangukia nyumba yenye subira na shule yenye mwalimu mwenye moyo, anaweza kuwa fundi hodari au nahodha. Akiangukia nyumba ya kipigo cha kila siku, baba hayupo, mama anaondoka alfajiri kwenda kufua kwa watu, shule wamemchoka wamemfukuza, basi njia inakuwa fupi sana.

Mwanasaikolojia Terrie Moffitt mwaka 1993 alieleza kitu ambacho mimi nakiona hapa kwetu kila siku. Alisema wakosaji vijana ni wa aina mbili. Wale wengi wanaanza wakiwa na miaka 14, 15, wanafanya ujinga na wenzao, wakifika utu uzima wanaacha. Na wachache sana wanaoanza mapema mno, wakiwa bado wadogo wanapiga, wanadanganya, wanaiba, na wanaendelea ukubwani. Alitumia utafiti wa Dunedin, New Zealand, wa watoto waliozaliwa 1972 na 1973. Kwa hivo mzazi akiniambia mwanawe wa miaka 16 ameiba simu na wenzake mara moja simwambii kitu sawa na mzazi wa mtoto wa miaka 7 ambaye kila wiki kuna malalamiko. Huyu wa pili ndo wa kukimbiliwa, na mapema, na si kwa bakora manake hiyo ashaizoea.

Si ni umaskini tu? Wapeni kazi wataacha

Umaskini unasukuma, siwezi kukataa. Malindi ikifika mwezi wa nne mpaka wa sita hoteli zimefunga au zimepunguza watu, kusi imechachamaa wavuvi wengi hawatoki, mtu aliyekuwa akipata tipu za wageni hana kitu. Lakini hesabu watu maskini wa mtaa wako, alafu hesabu wezi. Maskini karibu wote wanaamka wanatafuta mia mbili kwa jasho.

Kilichonifungua macho ni kwenda nyuma ya pesa yenyewe. Wale vijana wakikuamini na ukiwauliza pesa ya ile laptop ya mgeni ilienda wapi, hakuna atakayekuambia alilipa kodi ya nyumba. Inaisha usiku ule ule. Unga, yaani heroini, muguka, yale majani ya kutafuna, pombe, viatu, kuwanunulia wenzake, msichana. Watafiti Richard Wright na Scott Decker walikaa na wavunja nyumba 105 kule St. Louis, watu ambao walikuwa bado wanavunja wakati huo, wakakuta kitu hicho hicho: mtu anavunja kwa sababu anahitaji pesa saa hii, na anaihitaji saa hii kwa sababu ya jana ilishaliwa kwenye starehe. Ni mzunguko, na kazi ya kulipwa mwisho wa mwezi haimsaidii mtu ambaye mwezi kwake ni mbali kama mwaka. Ndo maana nikimtafutia kijana kibarua naomba alipwe kwa siku au kwa wiki mwanzoni, hili jambo dogo limesaidia zaidi ya mawaidha mengi.

Alafu kuna kitu kingine tunaogopa kukisema. Kuna wanaoiba kwa sababu wanapenda ule moto wa kuiba. Moyo unaenda mbio, ukuta umeurukia, umetoka hujaonekana, na kesho yake maskani wote wanakutazama kama mtu. Kijana aliyefeli shule, aliyedharauliwa nyumbani, hiyo ndo sehemu ya kwanza maishani kuambiwa anajua kitu. Usipompa pengine pa kuambiwa hivo, unashindana na kitu kizito.

Na unga? Wote si mateja tu?

Si wote, lakini pwani huku huwezi kuongea wizi wa kurudia rudia ukaruka unga. Nieleze vizuri kwa sababu hapa ndo watu wanahukumu sana na wanajua kidogo.

Teja wa heroini haibi ili astarehe. Starehe ilikuwa miezi ya kwanza. Baada ya hapo anatafuta kete, yaani kipakiti cha dozi moja, ili asiugue. Arosto, yaani ugonjwa wa kukosa unga, inaanza kama masaa 8 hivi tangu dozi ya mwisho, wengine inachelewa kidogo: miayo, machozi, pua inavuja, mifupa inauma, tumbo linasokota, anaharisha, anatapika, usingizi hakuna, na kilele ni siku ya pili au ya tatu. Sasa mtu huyo akiamka saa kumi alfajiri mwili unamdai, na utamdai tena mchana, na usiku. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa wiki lazima apate pesa. Ndo maana wizi wao ni wa vitu vidogo vidogo na ni wa kila siku, sufuria, ndala za msikitini, bomba la maji, kuku, na anauza kwa bei ya kutupa kwa sababu hana muda wa kubishana. Anaanza kuibia nyumbani kwao, hiyo ni karibu kila mara. Mama akianza kukosa vyombo ndo dalili ya kwanza, kabla hata macho hayajabadilika.

Kumfunga mtu huyu bila kumtibu kunamtoa barabarani kwa muda, basi. Malindi tuko na bahati ambayo miji mingi haina. Omari Project imekuwa ikisaidia watumiaji hapa tangu miaka ya 1990, na kliniki ya methadoni ilianza 2015 kwenye hospitali ya serikali. Methadoni ni dawa ya kunywa, unaenda kila siku unakunywa mbele ya mhudumu, inakaa mwilini siku nzima na arosto haiji. Watu wanasema eti wamebadilisha unga kwa unga. Mimi nawaambia angalieni mtu, msiangalie chupa. Mtu aliyekuwa anahitaji kete tatu nne kwa siku akipata dozi moja saa mbili asubuhi, siku yake yote iliyobaki iko huru, anaweza kubeba mawe, kuuza mahamri, kukaa na mtoto wake. Hahitaji sufuria ya mtu.

Na hili tafadhali mliweke akilini: mtumiaji akikaa jela miezi bila unga, mwili unasahau kiasi. Akitoka akapiga ile dozi yake ya zamani inaweza kumuua. Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka ni hatari sana. Tumezika watu kwa njia hiyo.

Anapoiba anafikiria nini? Hana roho?

Wengi wana roho, na ndo maana wanahitaji kuinyamazisha. Watafiti Gresham Sykes na David Matza mwaka 1957 waliandika njia 5 ambazo mkosaji anajitetea kwa nafsi yake, na mimi nimezisikia zote tano kwa Kiswahili safi kabisa.

Anasema si mimi, ni unga, ni shetani, ni maisha. Anasema sijamuumiza mtu, yule mzungu ana bima, kesho atanunua nyingine. Anasema yule alistahili, tajiri mwenyewe kapata kwa dhulma, ardhi ile ni ya babu zetu. Anasema polisi nao wezi, wanasiasa nao wezi, mbona mnanitazama mimi. Na ya tano, ambayo ndo inaniuma zaidi, anasema nisingeweza kuwaacha wenzangu, walinisitiri mimi nikiwa sina kitu.

Zingine zina ukweli ndani yake. Migogoro ya ardhi pwani si uongo, na hongo si uongo. Lakini angalia anaibia nani. Anaibia mama muuza samaki wa mtaa wake mwenyewe, na huyo hana bima wala hakumnyang'anya mtu shamba. Nikiwa na kijana tukifika hapo, mara nyingi ndo pa kwanza anaponyamaza kweli.

Kuna wachache ambao hawajitetei kwa sababu hawasikii haja. Wazuri wa maneno, wanadanganya bila kupepesa jicho, wakimuumiza mtu hawaoni kitu. Robert Hare wa Kanada alitengeneza kipimo cha mambo 20 cha kuwatambua watu hawa, wanaoitwa saikopathi, alama za juu ni 40, na kinatumiwa na mtaalamu aliyefunzwa tu, si mimi na wewe kwenye baraza. Jela watu wa aina hii ni wengi kuliko mtaani, lakini hata jela si wengi. Msimuite kila mwizi hivo. Na ukihisi unaishi na mtu kama huyo, anakutisha, amekupiga, anakuchukulia kila kitu, usikae ukimbadilisha peke yako, jiokoe wewe na watoto kwanza.

Mbona hawaogopi jela? Sheria iongezwe ukali

Sheria yetu ni kali tayari. Kifungu cha 296(2) cha sheria ya makosa ya jinai, wizi wa mabavu, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987 lakini hukumu bado zinatolewa, na kinachonitisha ni kwamba vijana hawajui kinavofanya kazi. Wanadhani lazima uwe na bunduki. Mkiwa wawili tu mkamnyang'anya mtu simu kwa nguvu, mnaweza kushtakiwa kwa kifungu hicho. Nimeona kijana analia rumande anasema tulikuwa tunachukua simu tu.

Kwa hivo ukali peke yake hauzuii, na hili si jipya, Beccaria wa Italia aliliandika 1764, kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kushikwa kuliko ukubwa wa adhabu. Mwizi akiwa mbele ya nyumba yako hawazi miaka 10, anawaza mbwa yuko, taa inawaka, jirani yuko macho, nitatokea wapi. Na ameshaiba mara nyingi bila kushikwa, kwa hivo akili yake inamwambia leo pia itapita.

Kama umevunjiwa nyumba, mlango urekebishwe siku hiyo hiyo. Nyumba iliyoibiwa ina hatari ya kuibiwa tena mapema, mara nyingi na mtu yule yule, manake anajua njia ya kuingia na anajua umeshanunua TV nyingine. Waingereza waliligundua hilo kwenye mtaa wa Kirkholt, Rochdale, miaka ya 1980, wakaweka nguvu yote kuwalinda walioibiwa tayari, na wizi wa nyumba ukashuka sana.

Huku kwetu Lamu mambo yanamalizwa nyumbani. Ni sawa?

Nawaelewa. Lamu mtu anajulikana mpaka nyanya yake, vichochoro ni vyembamba, leo umpeleke mtoto wa watu polisi kesho mnakutana uwanjani Mkunguni. Kwa hivo wazee wanakaa, mashine ya boti inarudishwa au inalipwa, mambo yanaisha. Katiba yenyewe kifungu 159 inataka njia kama hizi zitumike.

Shida ni pale anayelipa ni ami, anayeomba radhi ni mama, na mwenye kuiba amelala. Mara ya kwanza, ya tatu, ya sita. Huyo amefundishwa kwamba aibu ni ya ukoo na yeye hana deni. John Braithwaite wa Australia mwaka 1989 alitofautisha aibu inayomrudisha mtu kwa wenzake na aibu inayomtupa nje, na sisi watu wa pwani tunazo zote mbili. Sulhu nzuri ni ile mwizi mwenyewe anakaa mbele ya aliyemuibia, anasikia alivoumia, analipa kwa jasho lake hata kwa miezi, alafu akimaliza kulipa jina la mwizi linakoma kutajwa. Hiyo ya mwisho tunaisahau, tunachukua malipo na jina tunaliacha.

Na kama kuna kuumizwa mtu, au kubaka, au kugusa mtoto, hakuna sulhu. Hiyo ni polisi na hospitali, siku hiyo hiyo.

Nani ananunua hivi vitu?

Sisi. Simu ya elfu kumi unaambiwa elfu mbili, unajua. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa linaloweza kufika miaka 14 ndani, kubwa kuliko wizi wa kawaida ambao ni miaka 3. Watu wanashangaa lakini ndo sheria. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya nyaya na nguzo za umeme kuibiwa, ikafunguliwa tena mwezi wa tano mwaka huo huo. Mwizi asiye na mnunuzi amebeba mzigo tu.

Wakikamatwa si bora wachomwe, wengine waogope?

Hapana. Na hapa sitazunguka. Ni kuua, na aliyerusha jiwe la kwanza na aliyeleta petroli wanaweza kushtakiwa kwa mauaji. Zaidi ya hayo, anayechomwa ni yule asiyeweza kukimbia, teja aliyedhoofu, mtoto wa mara ya kwanza, mgeni aliyekosea nyumba, mgonjwa wa akili. Yule sugu mwenyewe ana mbio na anajua vichochoro. Wenzake hawaachi kwa kuogopa, wanaanza kubeba panga. Kama umemshika mwizi, mfunge mikono, piga simu kwa polisi au mzee wa mtaa, na ukiwa na sauti mtaani itumie siku hiyo.

Wanawake je?

Wako, wachache, na wengi niliokutana nao walianza nyuma ya mwanamume, kuficha mzigo, kubeba kete, kisha wakaachiwa kesi yeye akatoroka. Nyuma kabisa mara nyingi kuna kupigwa au kunajisiwa utotoni. Akitoka jela, mlango wa kwao unakuwa mgumu kufunguka kuliko wa kaka yake aliyefanya makubwa zaidi. Watoto wake wametawanywa kwa ndugu na akienda kuwaona anatazamwa mikono.

Hivi wataacha lini? Au mpaka kufa?

Wengi sana wanaacha. Uhalifu unapanda kwenye ujana, unafika juu mwisho wa miaka ya kumi na kitu, alafu unashuka, nchi nyingi ni hivo. Hata wale sugu. Robert Sampson na John Laub walichukua rekodi za wavulana 500 wa Boston waliowahi kuwekwa shule za kurekebishia tabia, wakafuata maisha yao mpaka miaka 70, na karibu wote mwisho waliacha. Kilichowatofautisha ni lini. Mke mwenye msimamo, kazi ya kudumu, jeshi, kuhama mahali pa zamani. Mambo yanayobadilisha siku ya mtu, saa ngapi analala, anakula na nani, nani anamuuliza ulikuwa wapi.

Shadd Maruna naye alikaa na watu wa Liverpool, walioacha na waliokuwa bado wanaendelea, akatoa matokeo 2001. Maisha yao ya nyuma yalifanana. Lakini wanaoendelea walisema maisha yao yameshaandikwa, hakuna la kufanya. Walioacha walisema ndani yangu nilikuwa mtu mzuri muda wote, na sasa nataka niwasaidie wadogo wasipite nilipopita. Ndo maana wale vijana wa methadoni wanaowashika mkono wenzao kuwapeleka kliniki mimi nawaheshimu kabisa. Wanawasaidia wenzao na huko huko wanajishikilia wenyewe.

Mwanangu ana miaka 11 ameanza kuleta vitu nyumbani visivyo vyake. Nifanye nini?

Mama, kwanza kitu kirudi, yeye mwenyewe akirudishe na wewe ukiwa naye, hata kama ni kalamu. Usikitumie, usiuze, usinyamaze kwa kuwa kina faida. Pili ujue anashinda na nani kati ya saa kumi na magharibi, hapo ndo mambo mengi yanaanzia. Tatu ongea na mwalimu wa shule na ustadhi wa madrasa kabla hawajamfukuza, uwaombe wamvumilie, mtoto akishatoka shule umempoteza nusu. Usimwambie "wewe ni mwizi". Mwambie hiki ulichofanya ni wizi na sisi nyumba hii hatuibi.

Kisheria, kwa Sheria ya Watoto ya 2022 mtoto chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa jinai, zamani ilikuwa chini ya miaka 8. Usimpeleke seli eti akaogopeshwe. Atakachokutana nacho huko si woga.

Ndugu yangu anatoka mwezi ujao. Nitayarishe nini?

Swali hili ndo ninalolipenda kuliko yote, na ni wachache wanaoliuliza. Kwanza hakikisha tarehe, manake mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja mwenye tabia nzuri kwa kawaida husamehewa theluthi ya kifungo, kwa hivo siku inaweza kuwa karibu kuliko unavodhani. Nenda ukamngoje langoni wewe mwenyewe. Usipokuwepo atakuwepo mtu mwingine, yule mwenzake wa zamani mwenye sigara na nauli na maneno mazuri, na jioni hiyo hiyo atakuwa anamdai. Nimeona hivo mara nyingi mpaka naamini yale masaa ya kwanza ndo yanaamua mengi kuliko miaka yote aliyokaa ndani.

Awe na pa kulala palipokubaliwa na kila mtu nyumbani, mkubaliane kabla hajafika, asije akasikia mnabishana kumhusu usiku wa kwanza. Kitambulisho chake kitafute, kama kimepotea anzeni mapema, bila kitambulisho hasajili simkadi wala hapati kazi. Msimtume moja kwa moja kwenye kazi inayotaka cheti cha tabia njema, rekodi itamrudisha nyuma na moyo utavunjika. Fundi, boti, shamba, jikoni, huko watu huajiri kwa kumjua mtu. Aliye na funguo za pesa asiwe yeye kwa miezi ya mwanzo, na mwambie wazi kwa nini, atakuheshimu kuliko ukimficha ficha pochi. Kama alikuwa anatumia unga, mpeleke kliniki kesho yake asubuhi, hata akisema amepona, na usimuache peke yake chumbani zile wiki mbili nilizosema. Wale aliowaibia, mmoja wenu awaendee kabla yake, awaulize kama wako tayari kumuona.

Na akirudia? Anaweza, wengi wanateleza mara moja au mbili kabla hawajaacha kabisa. Sema mapema ni kitu gani kitafanya umtoe nyumbani, na ni kitu gani kitafanya ukae naye tu mzungumze, alafu ushike neno lako kwa yote mawili.